Nilichokutafunia

Mama,

Mtu mwingine akiiokota karatasi hii atashangaa ni baba gani anamwandikia mama yake barua ya kumuaga akienda chuo. Wewe hushangai. Ulipozaliwa tulikupa jina la mama yangu, Wambui, na kwetu mtoto mwenye jina la mama yako ni mama yako, hata kama wewe ndiye unayemfulia nepi. Kwa upande wa marehemu mama yako, kule Matulo, wewe ni Nekesa, mtoto aliyekuja wakati wa mavuno. Leo nitakuita vyovyote mkono utakavyotaka.

Najua utanicheka. Barua ndefu hivi, na mtu anaenda Bungoma tu. Ukitoka hapa Kachibora na chai kwenye themosi unafika Bungoma ikiwa bado inaunguza ulimi. Lakini kila nikijaribu kukuambia maneno haya kwa mdomo unasema, "Baba, si sasa," unachukua ndoo unaenda kisimani hata kama pipa limejaa. Karatasi haiwezi kuambiwa si sasa. Utaikuta ndani ya sanduku ukiwa umeshafika, na hakutakuwa na ndoo karibu.

Saa hii umeenda Kitale kununua hilo sanduku. Mvua ya alasiri imeshikilia, ile nyembamba isiyo na haraka, na mimi nimekaa barazani na mto mgongoni kama mzee. Mahindi yamekauka kwenye mistari. Matone yakigonga majani makavu ni kama watu wengi wananong'onezana, na nikisikiliza sana macho yanajifumba yenyewe. Nimeshaamka na kalamu iko sakafuni, nikaiokota, nikaendelea. Ukiona mwandiko umeteleza mahali, ujue hapo nililala kidogo.

Sitakuandikia habari ya blanketi, wala kufunga mlango, wala wavulana. Hayo kukhu, nyanya yako wa Matulo, atakuambia, na atakuambia zaidi ya unavyotaka kusikia. Mimi nataka kukuandikia habari ya tumbo langu. Unalijua kwa nje. Ya ndani umeyasikia nusu nusu, na kuna sehemu ambayo ni yako.

Kazi yangu unaijua. Maisha yangu yote nimelima mahindi ya mbegu, si ya ugali. Mistari ya kike na mistari ya kiume. Kila msimu, kabla maua ya juu hayajafunguka kwenye mistari ya kike, tunapita tukiyang'oa moja moja, na mkaguzi anapita nyuma yetu akitafuta wageni. Wageni ndio tunaita yale mahindi yaliyojitokeza tofauti, yamerefuka kupita wenzake ama shina lina rangi yake. Ukimwacha mgeni mmoja amwage unga wa maua yake, upepo unaubeba, na mwaka unaofuata shamba la mtu huko Webuye linaota vitu havijulikani ni nini. Wewe ulikulia kwenye mistari hiyo, na unga wa njano nyweleni. Kazi hiyo ilinifanya niamini kwamba kilicho kwa mzazi kiko kwa mtoto, basi. Sikuwahi kufikiria kuna njia nyingine ya kitu kutoka kwangu kikafika kwako.

Mama yangu, Wambui wa kwanza, alikufa na tumbo. Hakuna aliyelitaja kwa jina. Walisema vidonda, wakasema asidi, wakasema ni mawazo. Ninachokumbuka ni yeye amesimama mlangoni mwa jikoni akilamba magadi kutoka kwenye kiganja, macho ameyafumba, akisubiri moto ushuke. Ukishuka anarudi shambani. Nilipokuwa mtu mzima na moto huo ukaanza kwangu, sikushtuka. Niliukaribisha kama mtu wa ukoo. Nikanywa maziwa, nikalamba magadi, nikazoea. Miaka mingi ikapita hivyo.

Wewe ndiye uliyenipeleka hospitali, na sijakushukuru vizuri. Ulisema, "Baba, haiwezekani mtu ale ugali kama wa paka halafu aseme ameshiba." Ukampigia kukhu, naye akasema niletwe Bungoma, hospitali iko karibu na kwake na atanichunga nisitoroke. Nilinung'unika njia nzima. Ukaniacha ninung'unike.

Siku ya kumulikwa tumbo kwa kamera walinidunga dawa ya usingizi. Nataka ujue nilikoenda. Nilikuwa shambani wakati wa maua, asubuhi, na umande. Unga wa njano ulikuwa unashuka polepole na hauishi, na hakukuwa na sauti hata kidogo. Majani yalisuguana bila kulia. Nikapita mstari, nikapita mstari mwingine, nikijua namtafuta mgeni mmoja, na kila hindi nililolishika lilikuwa sawa na jingine. Mbele yangu alikuwepo mkaguzi, amenipa mgongo. Nikamwita, hakugeuka. Nikaenda nikamshika bega. Alipogeuka mdomo wake ulikuwa umejaa unga wa njano mpaka umefurika kwenye midomo, anataka kusema na hawezi. Hatua chache kando, mama yako Nafula alikuwa ameketi kwenye ukingo akikunyonyesha, wala haogopi kitu, ananiangalia vile alivyokuwa akiniangalia nikichelewa kuja kula.

Usiniulize nilimwotaje mkaguzi huyo kabla sijaambiwa lolote. Labda nimechanganya, labda nilimwongeza baadaye. Lakini Nafula sikumwongeza. Nakuambia kweli, sikutaka kuamka.

Niliamka daktari akiniita. Unamkumbuka, yule msichana mwembamba wa sauti ya chini. Alisema wamekuta kinyama kwenye ukuta wa tumbo, kidogo kama harage, na wamekikata kwa waya na kukitoa kupitia mdomo huu huu. "Bado si kansa," akasema. "Lakini kilikuwa njiani." Wakakipeleka maabara kikaangaliwe vizuri, wakanitoa na damu, wakaniambia nisubiri.

Kwenye kusubiri huko ndiko nilikofanya ujinga. Wewe ulidhani najiogopea mwenyewe. Nilikuwa naogopa mbegu. Mama yangu, halafu mimi, halafu wewe mwenye jina lake. Nikaanza kukukagua. Nilikuwa naangalia sahani yako umeacha nini. Nilikuwa nasikiliza ukikohoa. Siku moja nilikushika kidevu nikageuza uso wako kwenye mwanga, vile ninavyogeuza jani kuona kama lina ugonjwa, na wewe ulikuwa umeniletea chai tu. Nikakuambia chuo kisubiri mpaka majibu yaje. Ukaweka kikombe chini ukaniambia, "Baba, mimi si shamba lako."

Uliondoka ukanifungia mlango. Nililia, sina haya kukuandikia. Nililia kwa sababu ulikuwa umesema kweli, na bado nilitaka kukufuata nikuangalie ulimi.

Majibu yalipotoka ulikuwa umeninunia, nikaenda Bungoma peke yangu. Daktari alinikalisha akanieleza kwa Kiswahili, pole pole, akirudia kila nilipokunja uso. Kwenye kila seli ya mwili kuna maandishi, akasema, na seli ikigawanyika maandishi yananakiliwa upya. Kunakili kuna makosa yake. Hasa pale penye maneno yanayojirudia, kama mtoto anayeandika mamamamama, anaongeza "ma" moja ama anaruka moja na hajijui. Sasa kuna jeni ambayo kazi yake ni kupita nyuma na kurekebisha. Kwenye kinyama changu jeni hiyo ilikuwa kimya. Makosa yakapita, yakarundikana, maandishi yakaanza kuyumba, na kitu kikiyumba hivyo siku moja kinaweza kuangukia kwenye kansa.

"Imevunjika?" nikamwuliza.

"Haijavunjika. Iko yote, kila herufi mahali pake. Imenyamazishwa. Ni kama imezibwa mdomo."

Mama, nilishika kiti. Nilimwona yule mkaguzi wangu na unga mdomoni.

Nikauliza lile nililokuwa nimelibeba tangu Kachibora. "Na msichana wangu je?"

Akaelewa hata kabla sijamaliza. Akasema jeni hiyo ingekuwa imevunjika tangu nizaliwe, angeniambia nikulete siku hiyo hiyo. Lakini walipima na damu. "Kwenye damu yako jeni hii inaongea vizuri kabisa. Ilinyamazia hapo kwenye kinyama tu. Hukuzaliwa nayo hivyo, na hukumpa mtoto."

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Nilicheka, nikajifuta macho na kofia, nikamwambia daktari atakula mahindi yangu ya kuchoma mpaka achoke. Nilifurahi, mama, jinsi sijafurahi tangu uzaliwe. Na ningeinuka hapo nikaenda zangu, barua hii ingeishia hapa na ingekuwa fupi.

Lakini mimi ni mtu wa kuuliza. Nikasema, kama si mbegu, ni nini kilichoiziba mdomo?

Akaniambia kuna bakteria anayeishi tumboni. Watu wengi wanaye na hawajui, na wengi hawafanyi kitu kikubwa. Kwa wengine anawasha moto mdogo, na moto huo ukikaa miaka na miaka bila kuzimwa, unaweza kuzinyamazisha jeni kama hiyo. Walimkuta kwangu. Akaniandikia dawa. Halafu, akiendelea kuandika wala hajaninyanyulia macho, akauliza, "Huyu mara nyingi mtu humpata utotoni, nyumbani, kwa mdomo. Nani alikuwa anakulisha ukiwa mdogo? Na wewe umelisha nani?"

Nilijishika mdomo. Akainua macho.

Nekesa, wazee wa sokoni huniita Njiwa. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini, nikakuambia ni kwa sababu ya upole wangu, na ukaniamini, masikini. Sasa ukweli wake huu hapa. Mama yako alishikwa na homa akatuacha ukiwa bado hujaota jino. Kukhu alikuja akakaa nasi mpaka shamba lake likaanza kulilia jembe. Siku ya kuondoka alinipa kijiko kidogo mkononi, akanifunga vidole juu yake. Unajua kukhu, l na r kwake ni ndugu. Alisema, "Baba Nekesa, mpondee mtoto chakura, umrishe na hiki. Porepore. Kutafunia mtoto, kriniki wamekataza." Nikasema ndio, mama.

Nilijaribu. Asubuhi ya kwanza kulikuwa na baridi, ile ya Cherangany inayoingia chini ya mlango. Nilikuwekea kijiko mdomoni ukakiuma kwa ufizi, ukalia, ukakunja mwili wote kunikimbia. Nikaona chuma ni baridi kwa mtoto asiye na mama. Na hapo ikanijia, sijui kutoka wapi, mama yangu amechuchumaa mwishoni mwa mstari wa mahindi, anatafuna githeri ya mahindi na maharagwe, anaitoa mdomoni kwa vidole viwili na kunipa. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na utamu ambao sijaupata tena kwenye chakula chochote. Nadhani ndicho kitu cha kwanza ninachokikumbuka duniani.

Basi nikatafuna kiazi, nikakuwekea mdomoni. Ulinyamaza. Ukaniangalia vile mtu anavyomwangalia mjinga ambaye hatimaye ameelewa. Tangu siku hiyo nilikutafunia kila kitu, viazi, maharagwe, nyama, hata mkate uliokuwa laini tayari. Nilikutafunia sokoni mbele za watu, mwanamume mzima, na ndipo wakaniita Njiwa, ndege anayelisha makinda yake kwa mdomo. Sikujali. Nilikuwa nimemlisha mama yangu kama alivyonilisha.

Hayo nilimweleza daktari. Hakunigombeza. Alisema inawezekana ndivyo ulivyompata, kama unaye, na inawezekana pia ulimpata kwa maji ama kwa jirani, ama huna kabisa. Hakuna anayeweza kujua kwa kukisia. Akanipa kichupa cha plastiki chenye kifuniko, cha kuweka choo kidogo kipimwe. "Mwambie alete," akasema. "Akipatikana naye, ni dawa za wiki mbili, na moto unazimwa mapema."

Nikaenda Matulo na kichupa mfukoni. Kukhu alikuwa na akina mama wawili wa kanisa, wameketi na chai, wananisubiri mimi na majibu. Nikaanza kueleza kama nilivyoelezwa. Nikasema, "Daktari anasema kuna jeni imenyamazishwa."

Kukhu akaweka kikombe chini. "Jini?"

"Jeni."

"Si ndiyo nasema, jini. Rimenyamazishwa?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi Bwana asifiwe. Wacha rinyamaze kabisa."

Kabla sijafungua mdomo walikuwa wamesimama. Mmoja aliniwekea mkono tumboni. Waliomba, mama, waliomba kwa nguvu, wakashukuru kwamba jini limezibwa mdomo, wakaomba lisifungue tena milele na milele. Na mimi nimefumba macho katikati yao nawaza, hapana jamani, ombeni liongee, shida ni kwamba halisemi. Lakini walikuwa wametoka mbali kwa miguu kwa ajili yangu, na jikoni kulikuwa kunanukia kuku. Nikasema amina. Nimeachia mbinguni warekebishe hiyo herufi moja.

Walipoondoka nilimweleza kukhu sawasawa. Alicheka mpaka akajifuta na leso, akasema basi atawaambia Jumapili waombe upya, kinyume. Ndipo nikamweleza swali la daktari, na nilichojibu. Mvua ilikuwa inaanza kwenye mabati.

"Kijiko changu kiko wapi?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Si nirikupa mkononi?"

"Ulinipa."

Nilingoja maneno makali, na ningeyachukua. Akasema tu, "Urikuwa umefiwa. Niriona kwa uso wako hutakitumia. Nami nikaenda kuparirira mahindi." Halafu akanimiminia chai nyingine. Kumbe na yeye alikuwa amebeba kipande chake cha kosa hilo miaka hiyo yote. Usimwulize habari hiyo ukifika. Mkumbatie tu, atajua.

Sasa nifike pale ulipochukulia ndoo. Nilipokuletea kichupa uliniambia hutapima. Nikadhani ni uvivu, nikadhani ni hasira za kidevu, nikakusumbua mpaka siku ile ukageuka jikoni na mwiko mkononi, macho yamejaa. Ukasema, "Na ikipatikana, Baba? Utajisamehe?"

Nilitoka nje nikajifanya naangalia mahindi. Kwa hivyo unakataa ili mimi nisijue. Unaubeba moto, kama uko, ili mimi nilale vizuri. Wambui wangu, huo ndio upendo wa ukoo wetu, na umekaa kama sisi tulivyo, mzuri na mjinga kidogo.

Jibu langu ni hili, na ndiyo sababu nimekaa hapa alasiri nzima nikisinzia juu ya karatasi. Nimeshajua. Sijui kama unaye huyo bakteria, hilo litajulikana kwa kichupa. Lakini nimeshajua kwamba nilikupa kile nilichokuwa nacho mdomoni, chote, pamoja na nisichokiona. Sijutii kukulisha. Najuta kijiko. Hayo mawili nimeyaweka mbalimbali moyoni na naweza kuishi nayo, kwa hivyo usinilinde.

Kosa ambalo linanikosesha raha zaidi si hata hilo la kutafuna. Ni kule kuzoea. Nilikaa na moto miaka yote hiyo nikauita wa kwetu. Maumivu makubwa yangenipeleka kwa daktari mapema, lakini madogo nilikaa nayo kama mpangaji mtulivu, na huko ndani yalikuwa yananyamazisha yule ambaye angenionya. Sikuhisi kitu. Ningekuwa na uwezo wa kukuachia jambo moja tu, ningekuachia shaka, uwe nayo kwa kila maumivu ambayo umeanza kuyaita kawaida.

Kwa sababu nimekuona. Wiki iliyopita nilikuwa napita nyuma ya ghala, na wewe ulikuwa umesimama pale umeegemea ukuta, unatafuna vile vidonge vyeupe vya kiungulia. Macho ulikuwa umeyafumba. Sikukuita. Nilimwona mama yangu amesimama pale, na magadi kiganjani, na ukungu umemzunguka miguu, nikashindwa kujua ni mwaka gani. Siku iliyofuata nikianua nguo nikakuta karatasi za vidonge hivyo mfukoni mwa aproni yako, zaidi ya moja. Sikukagua, naapa, zilianguka zenyewe.

Kwa hivyo nimeshajua hilo pia, na bado niko hapa, na bado nakula, na bado nakuchokoza. Hakuna kitu kwenye hicho kichupa kinachoweza kuniangusha kuliko kukuona ukifumba macho vile.

Dawa zenyewe nimezimeza. Si tamu. Mdomo unashinda na ladha ya chuma, kana kwamba mtu amekuwekea kijiko ulimini kutwa nzima na amekataa kukitoa. Nilicheka peke yangu. Nikaona kukhu amelipwa.

Nimelala tena kidogo. Nilipoamka mvua ilikuwa imeisha na mwanga ulikuwa umeingia chini chini kwenye mahindi, wa njano, mpaka nikadhani ni msimu wa maua. Nikasikia lango. Umerudi na sanduku jekundu, kubwa kuliko wewe. Umenipita ukasema, "Baba, unaandika nini?" nikasema hesabu za mbolea, ukasema "Ati mbolea," ukaingia jikoni. Saa hii nasikia mwiko kwenye sufuria.

Tangu nitolewe kinyama umekuwa ukinipondea viazi kila jioni, unaweka maziwa kidogo, unapoza, unakaa mbele yangu mpaka nimalize. Umekuwa ukinishikia kijiko nikiwa mchovu. Sijui kama umeliwaza hili, lakini mimi nimeliwaza sana. Katika mama wote wawili niliopewa, wewe ndiye wa kwanza kunilisha kwa kijiko.

Nenda, Nekesa. Usikae kwa ajili yangu. Viazi nimejifunza kuponda, na Njiwa hafi njaa. Siku watakaponiita mwaka ujao nimulikwe tena, nitaenda bila kuvutwa. Nitakupigia nikitoka, nitakuambia nilikoenda nikiwa usingizini, na kama mama yako alikuwepo nitakusalimia kwa niaba yake.

Nimekipata kijiko. Kilikuwa kwenye mkebe wa misumari miaka hii yote, na kutu kidogo kwenye shingo. Nimekisugua na majivu mpaka kikang'aa. Kiko kwenye mfuko wa pembeni wa hilo sanduku, kimefungwa na kitambaa, na kando yake kuna kichupa.

Kichupa ni cha wiki hii. Kijiko hakina haraka, kinamngoja atakayezaliwa.

Baba yako, na mtoto wako,
Njiwa